Petroli Ambayo Mutinda Hakuiba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa spana namba kumi na mbili na bakuli la bati, nikaonyeshwa pikapu mbili zilizokuwa zimefika jana yake, nikaambiwa nizitoe thamostati kabla ya chai ya saa nne. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi wiki mbili tu nyuma, cheti kikiwa bado kinanukia wino. Chuoni tulifundishwa kufunga thamostati. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kuitoa na kuitupa.

Thamostati, kwa ambaye hajawahi kuishika, ni vali ndogo ya shaba inayoenea kwenye kiganja. Hukaa pale hosi ya juu ya rejeta, chombo cha kupozea maji, inapoungana na injini. Injini ikiwa baridi, vali hujifunga ili maji yasizunguke na injini ipate moto upesi. Ikishapata moto, hufunguka yenyewe na maji yakaenda kupozwa. Haina waya, haina umeme, na haigharimu kitu kikubwa. Nimeishi kuona kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kumtoa mtu kanisani.

Mwajiri wetu alikuwa mradi wa kuchimba visima ambao sitautaja jina, maana ulishafungwa na waliouendesha hawapo kujitetea. Karakana kuu ilikuwa Kitui mjini, nyuma ya soko. Aliyeitawala tulimwita Foromani, na hata mkewe nadhani alimwita Foromani. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imeshikizwa kwa waya wa breki. Nilipomuuliza kwa nini tunatoa thamostati ya gari jipya, hakukasirika.

"Hapa si chuo, hapa ni Kitui," aliniambia. "Hiyo kitu ikikwama kule mbele ya Zombe injini ichemke, ni wewe utaenda kuibeba na mgongo?"

Alikuwa na sababu. Maji tuliyotia kwenye rejeta yalikuwa yale yale ya visima vyetu, yenye chumvi ya kuliza ng'ombe. Chumvi hiyo ilishika vali, vali ikakwama ikiwa imefungwa, injini ikachemka, gasketi ikaungua, na dereva akalala porini siku mbili akisubiri kuvutwa. Kwa hiyo karakana ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: gari jipya halilali na thamostati yake. Zilizotolewa zilitungwa kwenye waya ukutani, na waya ule ulikuwa fahari yetu. Mgeni akiuliza, tulimhesabia. Mbili za kwanza nilizotoa mimi nilizitunga mwenyewe, nikajiona fundi kamili.

Kazi iliyonipa jina baadaye ilikuwa ya kutafuta kwa nini gari linakula mafuta. Foromani alinifundisha, na hadi leo sijaona mtu aliyemshinda kwa mikono mitupu. Hakuanza na injini. Alianza na matairi, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo ni mzigo ambao gari hulipia kila hatua. Kisha tulilisukuma gari watu wawili kwenye sakafu ya saruji. Likikataa kusogea, kuna breki inayoshika. Gari likirudi kutoka safari, alipitisha mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu, na lile lenye joto kuliko mengine ndilo tulilofungua. Chujio la hewa alilipiga kwenye nguzo, na kama lilikuwa limetoka Zombe, vumbi lililoanguka lingetosha kupanda mbegu. Mwisho alichomoa plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, na kuitazama mdomo. Plagi yenye rangi ya chai ya maziwa ni nzima. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo. Ikiwa na masizi meusi, injini inapewa petroli kuliko inavyoweza kuchoma.

Baada ya hayo yote kulikuwa na sheria ya pili, nayo haikuandikwa. Ukimaliza kupima na hujaona kitu, Foromani alisema, basi ni mpira. Alimaanisha ule mpira mwembamba ambao madereva wengine walificha chini ya kiti, wakanyonya petroli kutoka kwenye tangi na kuuza kwa chupa. Kwa ufupi, kama gari halina makosa, makosa ni ya dereva. Sikuwahi kujiuliza kama kuna kosa la tatu, la fundi.

Nilikaa Kitui miaka tisa, kisha nikahamishwa Kibwezi nikiwa fundi msaidizi wa karakana ndogo iliyokuwa hatua chache kutoka barabara kuu ya Mombasa. Kibwezi ina joto lake. Spana ukiiacha juani mchana utaiokota kwa kitambaa. Foromani alikuwa amestaafu, lakini nilimbeba kichwani pamoja na sheria zake, na wiki ya kwanza nilinyoosha waya wangu ukutani.

Ndipo tukaletewa stesheni wagoni ya petroli, gari la kwanza la mradi lisilo na kabureta. Kabureta ni chombo cha zamani kilichochanganya hewa na petroli kwa kufuata mvuto wa injini tu. Hili jipya lilikuwa na kompyuta iliyosikiliza sensa, yaani vipima vidogo vilivyofungwa hapa na pale, kisha ikaamua yenyewe petroli iingie kiasi gani. Tulipewa kitabu chake. Kilikuwa kinene, nikakiweka juu ya kabati, na kwa kweli kilikaa huko. Gari liliingia saa tano asubuhi. Kufikia saa nane, thamostati yake ilikuwa kwenye waya wangu.

Gari hilo alikabidhiwa Mutinda, mwenyeji wa Zombe, dereva ambaye hakuwahi kuniletea gari chafu. Alikuwa shemasi katika kanisa lake. Alivaa shati jeupe hata siku za porini, na alikuwa na tabia ya kuandika kwenye daftari la safari vitu ambavyo hakuulizwa: mlio mdogo upande wa kushoto, taa inayochelewa kuwaka. Mafundi walimtania kwamba ataolewa na gari. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wakaguzi wa pampu alfajiri, kutoka Kibwezi hadi Kambu na vijiji vya jirani, na kuwarudisha. Barabara ni lami tupu, upepo mtupu, asubuhi ya baridi.

Baada ya miezi mitatu Afisa wa Usafiri alikuja na faili. Huyu ndiye aliyesimamia magari yote ya mradi, mtu mrefu, msafi, asiyependa maneno mengi. Alisema gari la Mutinda linakunywa kuliko magari mawili ya aina yake yaliyoko kwingine, na kwamba yeye ana hakika ya jambo lililopo, anachotaka ni neno la fundi. Mutinda alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma.

Nililipima kama nilivyofundishwa. Matairi mazuri. Breki hazishiki. Chujio safi. Plagi zilikuwa na masizi, na hapa ndipo ningepaswa kuweka spana, nikae chini nifikiri. Badala yake nililaumu petroli mbaya ya vituo vya barabarani, nikaweka plagi mpya. Kisha nikasema tujaze tangi hadi shingoni, tuendeshe, tujaze tena kwa jagi la kupimia tuone limekula ngapi. Ilikuwa saa saba mchana. Mutinda aliomba kusema neno.

"Fundi, usiipime saa hii," alisema. "Ipime asubuhi, na barabara yangu ya Kambu."

Nilimwambia barabara ni barabara.

"Na tena hii mshale ya kupima moto haipandi. Tangu nipewe gari inalala tu hapa chini. Hiyo si shida?"

"Shukuru Mungu," nikamjibu. "Wenzako wanachemsha, wewe unalia gari ni baridi."

Karakana nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, na nilicheka sana kwa sababu Afisa alikuwa anatusikia na nilitaka ajue kwamba fundi wa Kibwezi ni mtu wa kujiamini. Mutinda naye alitabasamu, tabasamu la mtu mwenye adabu anayechekwa.

Nililipeleka gari kwenye njia ya vumbi kuelekea mashambani, gia ya pili na ya tatu, jua likiwaka, na mara mbili tulisimama injini ikinguruma huku ng'ombe wakipita. Kwa mwendo ule na joto lile hata injini isiyo na thamostati hupata moto wake. Tuliporudi na kujaza kwa jagi, gari lilikuwa limekula sawa na yale mawili ya kwenye faili la Afisa. Afisa alitaka neno moja tu: gari liko na shida ama halina? Nikasema halina. Akasema niandike basi.

Fomu yetu ya ripoti ilikuwa na mistari minne: gari, dereva, kasoro iliyoonekana, jina la fundi. Kwenye mstari wa tatu niliandika "Hakuna". Ni neno la herufi sita, na nililiandika kwa mwandiko mzuri.

Mutinda aliachishwa kazi wiki hiyo. Hakupelekwa polisi, maana mpira haukuonekana, lakini barua yake ilisema upotevu wa mafuta, na dereva mwenye barua ya namna hiyo haendeshi tena gari la mtu. Habari ilifika Zombe kabla yake. Kanisani hawakumfukuza, walimwomba akae kando na ushemasi mpaka jambo liishe. Halikuisha. Nilisikia kwamba sokoni walimpa jina, Mutinda wa Mpira. Nilipolisikia nilisema pole yake, nikaendelea na kazi.

Gari lilipewa dereva wa pili, likala vile vile. Lilipewa wa tatu, likala. Afisa alisema madereva wote ni ndugu, kisha akachoka, akaongeza kiwango cha petroli cha gari lile, na faili likanyamaza. Mimi nililiona hilo kwa macho yangu. Watu watatu tofauti, kiu ile ile. Mtoto wa shule angeuliza. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilitembea na mwiba huo miaka minne nikiwaonyesha watu kiatu kizuri.

Ukweli uliletwa na mwalimu wa chuo kimoja cha Nairobi, mama wa makamo aliyetumwa kutufundisha mashine ya kusoma kompyuta za magari. Alivaa koti la kazi ambalo halikushika mafuta siku zote tatu alizokaa nasi. Ili kutuonyesha, alichagua stesheni wagoni ile ile, na kwa bahati alipenda kuanza kazi mapema. Tulitoka asubuhi kabla jua halijachoma, mimi nikiendesha, yeye ameweka mashine magotini. Tulikuwa tunakaribia Kambu aliponiuliza kama ile mashine yake imeharibika, maana ilisema maji ya injini yako digrii hamsini na nane na tumekuwa njiani muda mrefu. Nilimjibu kwa fahari kwamba magari yangu hayachemki.

Alinitazama kidogo. "Mzee Kyalo, nani alitoa thamostati?"

Nilipunguza mwendo. Akaendelea kwa upole, kama anavyosema na darasa. "Bila hiyo upepo wa barabara unapoza maji wakati wote. Kompyuta inaona injini ni baridi, inadhani umeiwasha saa hii. Kwa hivyo inaiongezea petroli ipate moto. Hapa inaongeza safari yote."

Nilisimamisha gari Kambu, karibu na akina mama wanaouza vitunguu, nikasema nataka kununua. Sikununua. Nilikwenda nyuma ya vibanda. Nilikuwa nauona ule mshale wa Mutinda umelala chini. Alikuwa amenipa jibu mkononi, bure, mbele ya mashahidi, nami nililifanya kichekesho.

Siku ile ile nilifunga thamostati mpya, na kiu ya gari ikaisha. Sasa sikilizeni jambo ambalo mke wangu peke yake ndiye aliyelijua hadi nilipoanza kuandika haya. Nilikuwa nimebakisha miezi michache nipandishwe niwe foromani. Afisa wa Usafiri alikuwa mwingine, mgeni, hakujua lolote kuhusu Mutinda. Aliona mafuta yamepungua, akaniandikia barua ya pongezi kwa ufundi na uaminifu. Niliipokea kwa mikono miwili. Niliitia fremu. Nilistaafu na cheo cha foromani, na barua hiyo ilikaa sebuleni kwangu juu ya televisheni, wageni wakiisoma wakisubiri chai.

Nilijiambia nitamtafuta Mutinda baadaye. Nilijiambia labda ameshasahau, labda ameshapata kazi nyingine, labda nikimwendea nitatonesha kidonda. Muoga hakosi sababu. Mradi ulifungwa, magari yakapigwa mnada, na nikajiambia pia kwamba sasa hakuna ofisi ya kupelekea ukweli.

Ninyi mnaoingia karakana leo mna mashine inayosema kila kitu, na mnatuonea huruma sisi tuliopima kwa pua. Msituonee kwa hilo. Mikono ya Foromani ilikuwa mizuri, na hata sheria yake ya thamostati ilikuwa na haki kwa magari ya wakati wake na maji ya wakati wake. Kosa lilikuwa langu, kuichukua sheria nikaacha sababu yake Kitui. Na kosa kubwa kuliko hilo ni kupima gari na kukataa kumsikiliza anayeishi nalo. Ningependa kusema nilijifunza mapema. Nilijifunza nikiwa na mvi, kwa hasara ya mtu mwingine.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya ndengu, nilipanda gari hadi Zombe. Nilimkuta Mutinda nyumbani kwake, mbele kidogo ya soko, anapepeta ndengu kwenye turubai. Shati lake lilikuwa jeupe. Alinitambua kabla sijataja jina, akaniletea kiti, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza habari za Kibwezi. Nilimwambia yote nikiwa nimekaa, kwa sababu nilijua nikisimama nitakimbia. Nilimwambia kuhusu thamostati, saa saba mchana, mwalimu, barua ya pongezi. Alisikiliza huku akiokota vijiwe katika ndengu. Nilipomaliza nikamwomba msamaha.

Alitupa vijiwe kando, kisha akasema habari ya mkewe, Mama Mwende, aliyefariki miaka miwili iliyopita.

"Alikuwa ananiuliza pole pole. Baba Mwende, mimi ni bibi yako, mimi unaweza niambia. Nikisema sikuiba, ananyamaza. Kisha mwaka ingine anauliza tena. Ameenda akingoja nikubali."

Kama ningekwenda miaka ile niliyokuwa natia barua fremu, ningemkuta mama huyo hai.

"Ile ya kwanza uliandika kwa karatasi," Mutinda akasema. "Hii unaniambia na mdomo?"

Nilimweleza kwamba mradi ulifungwa, hakuna ofisi, hakuna faili, sijui ningempelekea nani.

"Mimi bado niko," akasema.

Nilirudi nyumbani, nikaitoa barua ya pongezi ndani ya fremu. Fomu zetu hazipo tena, kwa hiyo nilichora mistari minne kwa rula kwenye karatasi, nikaijaza. Gari: stesheni wagoni ya petroli, Kibwezi. Dereva: Mutinda, mwaminifu. Kasoro iliyoonekana: thamostati haikuwepo, ilitolewa na fundi mwenyewe, petroli haikuibwa. Fundi: Kyalo. Siku ya soko iliyofuata niliipeleka Zombe. Mutinda alivaa miwani, akaisoma mara mbili, midomo ikisogea. Alisema Jumapili ataipeleka kwa mchungaji isomwe, ingawa mchungaji ni kijana na wengi wa wazee wa wakati ule hawapo. Kisha akanirudishia karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Hapa haijaisha," akasema. "Andika nilikuambia mshale haipandi."

Nilitoa kalamu nikaandika.

"Na ulicheka."

Nikaandika na hilo.